Samaki Waliorudishwa Chemchemini

Kazi yangu ni kushuku samaki. Hapa kwetu Mwanza hilo halimshangazi mtu, kwa sababu kila mnunuzi anajua kwamba mnofu ukishachunwa ngozi unaweza kupewa jina lolote na bei yoyote. Mimi nachukua kipande kidogo cha nyama au cha pezi, nakipeleka maabara, na vinasaba vilivyomo vinanitajia mwenyewe ni nani. Kila aina ya samaki ina mpangilio wake wa vinasaba, kama ile mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni ambayo muuzaji wa supamaketi anaipitisha kwenye mashine na jina linatokea. Nimewaumbua wauzaji wengi kwa njia hiyo, na sikatai, kuna raha yake. Mama yangu, aliyezeekea kwenye biashara ya samaki Kirumba, husema nilizaliwa nikiwa nimekunja uso.

Safari ya Arusha ilitokana na ombi la ofisi moja inayosimamia maji kule kaskazini. Chini ya Mlima Meru, katika kata ya Kikwe, kuna chemchemi yenye perege wa asili, waliokuwapo kabla mtu yeyote hajafikiria kufuga samaki. Mradi mmoja ulitaka kupandikiza humo vifaranga vya sato. Ofisi ikauliza swali moja tu: wale perege bado ni perege, au wameshachanganyika na sato waliopenya kutoka mahali fulani? Kama wamechanganyika, hakuna cha kulinda, vifaranga vimwagwe. Kama bado ni wenyewe, chemchemi iachwe. Sato ni samaki wetu wa ziwani, nimemla tangu nilipoota meno, wala simsemi vibaya. Lakini akiingia kwenye maji ya perege, si kwamba anakula chakula chao tu, anawaoa kabisa. Vikipita vizazi kadhaa humkuti perege tena, unakuta watoto wasiojulikana ukoo.

"Yaani unakwenda kwa watu wasiokula samaki," mama aliniambia nilipokuwa nafunga mizigo, "kuwauliza habari za samaki?"

"Siwaulizi watu. Nawauliza samaki wenyewe."

"Haya. Na watu watakuuliza wewe."

Aliyasema huku akinifungia dagaa wa njiani, na nilimwona hana wasiwasi hata kidogo, jambo lililonitia wasiwasi mimi.

Alfajiri nilikuwa stendi ya Nyegezi na boksi langu la barafu, ndani yake vichupa vilivyojaa spiriti kali ya kuhifadhia mapezi. Konda alitaka kuliweka kwenye buti. Nikakataa. Akataka kulipandisha kule juu ya vichwa vya watu. Nikakataa tena, nikalipakata. Shinyanga ikapita, Nzega ikapita, Singida tukashuka kula kuku, na mimi nikamla kuku wangu nikiwa nimeliweka boksi katikati ya miguu kama mtu aliyebeba mahari ya ukoo mzima.

Baada ya Babati tulisimamishwa. Askari mmoja akapanda, akatembea mpaka kwenye kiti changu moja kwa moja, kana kwamba ameambiwa.

"Kuna nini humo?"

"Spiriti."

"Ya kunywa?"

"Ya kuhifadhi mapezi ya samaki."

"Samaki wako wapi?"

"Bado sijawavua."

Akanitazama. "Kwa hiyo umebeba dawa ya samaki ambao hujawavua, unaipeleka Arusha, ambako hakuna ziwa."

Basi zima likacheka. Akafungua kichupa kimoja, akanusa, macho yakamtoka machozi, akakifunga haraka na kunirudishia. Nilimheshimu yule askari. Kwa ushahidi aliokuwa nao, hata mimi ningejishuku.

Arusha tuliingia jioni. Watu walikuwa wameniambia ukifika tu utauona Mlima Meru umekusimamia kichwani. Niligeuka pande zote nikaona wingu. Nikalala nyumba ya wageni ya Levolosi, mtaa wenye maduka ya nguo na ya mafundi simu yaliyobanana hadi vibarazani, na asubuhi nikafungua dirisha kuutafuta tena mlima. Wingu. Mhudumu aliyeniletea chai alisema, "Upo, dada. Utauona tu." Moyoni nilijiuliza, mlima mzima unafichwaje?

Mwenyeji wangu alikuwa Dokta Massawe, Mchaga wa Machame, mtu wa makamo, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye maabara ndogo ya vinasaba huko Elerai. Ni mtu wa kujibu swali kwa swali. Nilipomuuliza kama mashine yake inafanya kazi aliniuliza kama ya kwangu inafanya. Tulielewana mapema.

"Kuna mtu mmoja lazima umjue kabla hujaenda," aliniambia tukipanga vichupa. "Anaitwa Elibariki Mbise. Ni mwenyekiti wa kamati ya mfereji unaotoka kwenye ile chemchemi. Na ana mabwawa ya kufuga samaki pembeni ya mfereji huohuo. Samaki gani, unafikiri?"

"Sato."

"Na mradi wa vifaranga ukipita, nani atakuwa wa kwanza kufaidika?"

"Yeye."

"Basi mtazame mikono," alisema Massawe.

Siku hiyohiyo alinipeleka Kikwe kwa pikapu yake. Tulishika barabara ya Moshi, tukapita Tengeru, tukafika Usa River, kisha tukaiacha lami tukashuka upande wa kusini kwenye vumbi. Mashamba ya Kikwe ni ya watu wa kawaida: mahindi hapa, nyanya pale, vitunguu, migomba nyuma ya nyumba, na kila shamba limechorwa vijito vya maji. Maji ndiyo yanayoamua ratiba ya watu. Mtu anakuambia, "Jumatano siwezi, nina zamu ya maji," na hakuna mwenye kubisha, hata kama ni siku ya harusi.

Nilipangiwa kukaa kwa Mama Kaaya. Ni mjane, mama wa Kimeru mrefu aliyenyooka, na marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mwangalizi wa chemchemi maisha yake yote. Alipofariki kazi ikabaki kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba" huku macho yake yakiwa kwenye boksi.

"Wewe ndiye wa samaki?"

"Ndiyo, mama."

"Walikuja wa meno kabla yako." Akafunua midomo akanionyesha meno yake, ya kahawia kama ya watu wengi wa huku, kwa sababu ya madini yaliyomo kwenye maji. "Wakachukua maji, wakapiga picha meno ya watoto wetu, wakatuambia watarudi na majibu. Watoto wale sasa wana watoto. Wewe majibu utayapeleka wapi?"

"Ofisini, mama, na..."

"Nimekuuliza, utayapeleka wapi?"

"Nitayaleta hapa," nilisema. "Kwa mdomo wangu."

Akanikaribisha ndani, akanipa loshoro kwenye bakuli kubwa, mahindi na maziwa ya mgando, nikala nikashiba. Yeye alikaa akinitazama. Baadaye nilitaka kuazima ndoo ya buluu iliyofunikwa kifudifudi karibu na mlango, nioshee vifaa vyangu. Akainuka haraka kuliko nilivyotegemea. "Hiyo hapana. Hiyo ni ndoo ya kazi." Akanipa beseni. Niliiweka ile ndoo akilini.

Jioni akaja Elibariki Mbise mwenyewe, kijana wa miaka kama arobaini, shati limepigwa pasi, uso wote kicheko. "Karibu sana, dada mtaalamu! Ukihitaji chochote, mimi nipo. Mabwawa yangu yako wazi, njoo uone, chukua sampuli, hata zote chukua!" Mimi mtu anayenifungulia mlango kabla sijabisha hodi huwa natafuta mlango wa nyuma. Nikamshukuru, nikamtazama mikono. Ilikuwa safi.

Kesho yake asubuhi Mama Kaaya alinipeleka chemchemini. Maji yanatoka chini ya miamba juu kidogo, kwenye kishimo wanachokiita jicho, yanaanguka kwenye ukingo wa mawe, kisha yanatulia kwenye bwawa pana lenye kivuli. Mwishoni mwa bwawa kuna banio, yaani mlango unaofungwa na kufunguliwa kuruhusu maji kuingia mferejini. Bwawa lilikuwa limejaa samaki. Nilikwisha kuona ziwa, lakini sikuwahi kuona samaki waliotulia vile, wanakuja mpaka miguuni pako. Kwa Wameru wa zamani samaki ni ndugu wa nyoka, hawamli, na wao wenyewe huwaambia wageni hivyo bila kuona haya.

"Unawaona?" alisema Mama Kaaya, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka. "Marehemu aliniachia wachache, walikuwa wanahesabika. Sasa tazama."

Nilivua hapo bwawani kwa wavu, nikakata ncha ya pezi, nikawarudisha. Wengi walikuwa wadogo, sura ya perege, ingawa mmoja wawili mikia yao ilikuwa na mistari iliyofifia ambayo sikuipenda. Halafu nikainua vifaa vyangu kuelekea kule jichoni. Akaniwekea mkono mbele.

"Huko hawaendi na chuma. Wala plastiki. Wala ndoo. Kibuyu na kikapu tu."

"Kwa nini, mama?"

"Marehemu alisema hivyo. Na baba yake alisema hivyo."

Nikasikia ule mwasho wangu wa kazini. Mtu anakufungulia bwawa lote lakini kishimo cha juu anakukataza? Kuna nini huko? Nilibembeleza, akakaa imara, mwisho tukakubaliana: nipande na kikapu, nivue kwa kikapu, nimteremshe samaki ndani ya kibuyu mpaka chini ya mawe, nikate pezi huko chini, kisha nimrudishe kwa kibuyu. Nilifanya hivyo mchana kutwa, nikipanda na kushuka na kibuyu mkononi, viatu vimelowa, nikiwa na hakika kwamba nafichwa jambo.

Nilirudi Elerai, mimi na Massawe tukaanza kazi ya kusoma. Majibu ya bwawa yalipotoka Massawe alisukuma kiti nyuma. Katika mapezi ya bwawani, mengi yalisema sato. Samaki ana sura ya perege, lakini vinasaba vyake vinasema sato.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililotunyima usingizi. Ile sehemu ya vinasaba tunayoisoma kama mistari ya pakiti, mtoto huirithi kwa mama peke yake. Baba haachi alama humo. Kwa hiyo samaki mwenye sura ya perege na alama ya sato, ujue upande wa mama yake, huko nyuma, kuna sato. Na aliyesomeka perege naye usimwamini haraka, baba yake anaweza kuwa sato na mashine isiseme neno. Ikabidi tusome na sehemu nyingine, zile zinazotoka kwa wazazi wote wawili. Bwawa likazidi kuchafuka. Karibu kila tuliyemgusa alikuwa na damu ya pande mbili.

"Na wa jichoni?" Massawe aliuliza.

Wa jichoni walikuwa perege. Baba perege, mama perege, wote, bila hata mmoja kuyumba.

Tulitazamana. Jicho na bwawa vimetenganishwa na ukingo wa mawe ambao mtu mzima anaupanda kwa hatua chache. Samaki wa chini hawezi kuupanda, sawa. Lakini sato wa bwawani wametoka wapi? Mfereji unatoka bwawani kwenda chini, na maji yanaanguka banioni kwa nguvu. Hakuna samaki wa mferejini anayeweza kupanda hapo akarudi bwawani. Lazima kuna mtu aliyewabeba.

"Si nilikuambia umtazame mikono?" alisema Massawe.

"Anataka ofisi ikute pamekwisha kuchanganyika," nilisema. "Ili waseme hakuna cha kulinda."

Nilikasirika kwelikweli. Nilimkumbuka Mama Kaaya alivyofunguka uso pale bwawani, nikaona mtu anamwibia mjane kitu ambacho hata hajui kama kimeibiwa. Nikaamua kurudi Kikwe siku ambayo wanamfereji wote wangekuwapo, siku ya kusafisha mfereji, nimkamate Elibariki mbele ya watu. Nilimwambia Mama Kaaya kwa simu kwamba nakuja kuongeza sampuli. Majibu sikumpa. Nilitaka kwanza nipate mwizi.

Asubuhi ya usafi kila nyumba inayotumia maji ilitoa mtu na jembe. Asiyekuja hulipa faini ya pombe ya ndizi, na kelele zilikuwa nyingi kuhusu waliokuwa wanadaiwa. Elibariki ndiye aliyelifunga banio. Mimi nilijibanza kwenye migomba karibu na mabwawa yake, nikijifanya nafunga viatu. Nilivifunga viatu vile asubuhi nzima. Mabwawa yake yana njia ya kutolea maji inayomwaga mferejini, na pale penye njia kuna wavu wa waya, mzima, umefungwa vizuri. Hilo lilinikera.

Akaja mpaka pale nilipo. "Dada mtaalamu, viatu vina nini?"

"Kamba zinalegea."

"Ahaa." Akachuchumaa pembeni yangu, kicheko kimepungua. "Sasa kwa kuwa upo, nikuulize wewe uliyesoma. Mimi naibiwa samaki. Kila masika, mvua zikizidi maji yanapita juu ya ule wavu, kesho yake nikihesabu samaki wamepungua. Hawa majirani wanasema hawali samaki. Wanasema! Mimi nawashuku wanakaanga usiku."

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo. Nilikuta mtu anayelalamika tu, tena kwa uchungu, kama ninavyolalamika mimi.

Wakati huohuo maji ya mferejini yalikuwa yamekwisha, pamebaki madimbwi, na katika madimbwi samaki wanarukaruka. Watu waliacha majembe. Hakuna aliyewapiga, hakuna aliyewatupa kando. Waliwachukua mmoja mmoja kwa vikapu, kwa tahadhari, wengine wakigeuza uso kwa kinyaa, wakiwapitisha mkono kwa mkono kuelekea juu. Na huko juu, akitembea ukingoni mwa mfereji kwa mwendo wa mtu aendaye altareni, alikuwa Mama Kaaya na ndoo yake ya buluu.

Nikamkimbilia. "Mama, hao unawapeleka wapi?"

"Nyumbani kwao." Alinishangaa kwa kuuliza. "Samaki wa chemchemi akifia mferejini, maji yanamfuata. Chemchemi inakauka. Ndiyo kazi aliyoniachia marehemu: kila tukifunga banio, nawarudisha bwawani. Hajawahi kufa hata mmoja mikononi mwangu."

Nikachungulia ndani ya ndoo. Mtoto wa Mwanza hahitaji mashine kwa kitu hicho. Wengi wao walikuwa wakubwa, wanene, wamelishwa, na mikia yao ina mistari iliyosimama dhahiri. Walikuwa sato, wametoka mabwawani kwa Elibariki juu ya wavu uliozidiwa na mvua, wakashuka mferejini. Wangeachwa wangeishia mashambani wakafa. Lakini kila walipofika hapo, walipandishwa kwa heshima zote na kumwagwa kwa perege.

Nilisimama pale nikimwona anainamisha ndoo bwawani taratibu, akisema maneno ya Kimeru ambayo sikuyajua, na sikuweza kumzuia.

Mchana, watu walipokuwa wanakunywa na kulaumiana, nilimfuata jikoni kwake. Nilikuwa nimemtafuta mwizi nikamkuta mlinzi, na sikujua mlinzi anaambiwa vipi.

"Mama, majibu nimeyaleta."

"Sema."

"Bwawani wameingia sato. Wameshazaana na perege. Wengi unaowaona pale si perege wa marehemu."

Alichochea moto. "Nani aliwaleta?"

Nilitamani sana jibu liwe Elibariki. "Wametoka mabwawani kwake mvua zilipozidi. Yeye mwenyewe hajui, anadhani anaibiwa. Wakaingia mferejini. Na kutoka mferejini..." Sikuimaliza sentensi.

Hakuhitaji niimalize. Aligeuza kichwa akaitazama ile ndoo mlangoni, bado inachuruzika maji.

"Mimi ndiye niliyewapandisha," alisema.

"Hukujua, mama."

"Nilikuwa nawaona wanaongezeka kila mwaka. Nikasema Mungu ameikubali kazi yangu. Nilipeleka sadaka ya shukrani kanisani, mwanangu. Kwa ajili ya samaki hao."

Nililia. Sina la kuongeza hapo, nililia, na yeye hakulia. Kisha aliniuliza, "Na jichoni?"

"Jichoni ni perege watupu. Hawajaguswa. Ndoo yako haikufika huko, mama, ndiyo sababu. Ile amri ya kutopeleka ndoo ndiyo iliyowaokoa."

Akatikisa kichwa polepole. "Marehemu aliniachia amri mbili. Moja imewaua, moja imewaponya. Na mimi nimezishika zote mbili kwa mkono huuhuu."

Nje Elibariki alikuwa anasimulia wezi wake kwa sauti.

"Sasa siku ya kufunga banio nitamrudisha nani?" aliuliza.

"Usimrudishe yeyote. Kwa macho utawachanganya tu. Wanaokutwa mferejini waliwe na wanaokula. Na chochote kisivuke yale mawe kwenda jichoni."

"Na chemchemi ikikauka?"

"Haitakauka kwa ajili hiyo."

"Una kipimo chake? Kama cha samaki?"

"Sina, mama."

Alinitazama kwa yale macho ya siku ya kwanza, yale aliyolitazamia boksi langu. Kisha akanimiminia chai.

Jioni alikwenda mwenyewe kumwita Elibariki, akamweleza yote mbele yangu, bila kumlaumu na bila kujitetea. Elibariki alikaa kwenye kigoda amekunja mikono kifuani. Aliposikia samaki wake wako bwawani miaka yote hiyo alishika kichwa. "Na mimi nimemnunia jirani yangu tangu masika ya mwaka juzi," alisema. Akaahidi kuinua kingo za mabwawa kabla ya mvua. Kuhusu ule mradi hakusema neno, na mimi sikumuuliza, ingawa nilimtazama mikono kwa mazoea.

Nilipoondoka Arusha basi lilishatoka mjini ndipo abiria mmoja akaniambia geuka. Mlima ulikuwa pale, wote, kutoka migomba mpaka kileleni, mkubwa kiasi cha kuniaibisha. Muda wote ule ulikuwa umekaa palepale. Nilitazama nyuma mpaka shingo ikauma.

Taarifa yangu nimeiandika hivi: bwawa limechanganyika, jicho bado ni la perege wenyewe, na kwa hiyo chemchemi yote iachwe, maana sato wakijazwa chini, siku moja mtu mwema atapandisha ndoo. Hilo la mtu mwema waliniomba nilifute, kwamba si lugha ya kitaalamu. Nimekataa. Mpaka leo kibali cha vifaranga hakijatoka wala hakijakataliwa. Na kama mtaniuliza nimejifunza nini huko, ni kwamba mimi ni hodari wa kumtambua mwenye nia mbaya, na nilikaribia kushindwa kazi kwa sababu hapakuwa naye.

Juzi nilikuwa Kirumba kwa mama yangu, sato yuko mezani, na mimi naugeuza mkia wake. Mama akasema, "Hata huyu?" Kabla sijamjibu simu ikalia. Alikuwa Mama Kaaya.

"Leo tumesafisha mfereji," alisema bila salamu. "Walinipigia hodi na vikapu kama siku zote. Nikawaambia wapelekeni jikoni kwa Elibariki. Ndoo nimeifunika, nikakaa ndani."

"Ahsante, mama. Pole, mama."

Nikawa nasikia kuku wake nyuma ya simu.

"Jioni nilikwenda kuyaangalia maji," alisema. "Bado yanatoka. Kesho asubuhi nitakwenda kuangalia tena."